Kapasita ya Tui la Kwanza

Habari za kifo cha Mjomba Rashidi zilinikuta kwenye foleni ya uji. Ndivyo mambo makubwa yanavyonifuata mimi, sijawahi kupewa habari nzito nikiwa nimevaa vizuri. Nilikuwa na kikombe cha plastiki mkononi, nyuma yangu jamaa wa kidato cha tano wanasukumana, mwalimu wa zamu akaniita pembeni na kunipa simu yake, kwa sababu kwetu bwenini mwanafunzi kukutwa na simu ni afadhali akutwe na chatu. Kwenye kioo kulikuwa na ujumbe wa Hamisi: Mjomba katutoka jana alasiri, tumeshamzika, usihangaike kuja. Mwalimu akauliza kama ni ndugu wa tumbo moja na mama. Nikasema hapana, ni mjomba wa rafiki yangu. Akaipokea simu yake kama mtu aliyetapeliwa. Nikarudi kwenye foleni, nikapewa uji, nikaunywa wote, na ni wakati wa kuosha kikombe ndipo nilipogundua kwamba muda wote ule nilikuwa natafuta kichwani mlio wa gitaa lake na siupati. Nilipata kila kitu kingine. Nilipata harufu ya hina kwenye ndevu zake, moshi wa lehemu, pazia la maua lililokatwa kutoka kwenye shuka, sauti ya Dada Somoe, dada yake Hamisi, akitutukana kutoka jikoni. Gitaa, hapana. Tangu siku hiyo nimekuwa nikirudi mle chumbani kwa akili, najipitisha taratibu kila kona, labda nitaukuta mlio umejibanza mahali.

Nina miaka kumi na tisa. Najua mtu wa umri huu akianza kusema enzi zile, wazee wanashika mbavu, na wana haki yao. Lakini mwaka nilipokuwa kidato cha tatu umeshakuwa mbali kwa namna ambayo kalenda haiwezi kueleza. Simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zimeingia Mtwara na wanaume walizivaa kiunoni kama bastola. Umeme ulikuwa wa kuvizia. Familia yangu naiacha nje ya habari hii, ni watu wazuri na mwaka ule hawakufanya lolote la kuandikwa zaidi ya kuniuliza niko wapi. Nilikuwa mtaa wa Chuno, nyumbani kwa kina Hamisi, chumba cha uani. Hamisi shuleni tulimwita Nchumari, kwa sababu siku ya kwanza ya somo la ufundi alisimama kuomba msumari na ukamtoka ulimi wa kwao. Kwetu kusini hiyo si ajabu, mtu anageuka ntu na mtoto anageuka ntoto bila mtu kuumia, lakini darasani kulikuwa na mimi, na mimi nikiwemo hakuna neno linaloanguka chini salama. Nilimwita Nchumari mpaka walimu wakalizoea. Yeye hakukasirika. Alikuwa na tabia ya kuchukua dhihaka, kuigeuzageuza mkononi kama kifaa kilichookotwa, halafu kuitia mfukoni.

Chumba cha Mjomba kilikuwa na dirisha moja, nalo lilifunguka kwenye jiko la uani, kwa hiyo kila kilichosemwa jikoni kiliingia ndani pamoja na moshi wake. Kulikuwa na kitanda cha kamba kilichobonyea katikati, sanduku la bati, kioo chenye ufa, na ukutani, juu kabisa ambako watoto hawafiki, gitaa la umeme limefunikwa kanga. Mjomba alikuwa mtu wa majivuno mazuri. Alipaka ndevu hina, alipiga pasi shati hata la kwendea dukani kununua kiberiti, na alikuwa na namna ya kukohoa kabla ya kuzungumza kana kwamba kuna kipaza sauti mbele yake. Kipaza sauti kiliwahi kuwepo kweli. Wakati mji ulipokuwa na bendi, yeye alipiga solo na rafiki yake Saidi alipiga besi, na wanawake wa Shangani, kwa mujibu wa Mjomba mwenyewe, walikuwa wakizimia kwa zamu. Kisha amplifaya ya bendi ikafa, ile ya valvu, yaani yenye vitaa vya kioo vinavyowaka ndani kama makaa. Bendi ikaletewa nyingine ya kisasa ambayo Mjomba alisema inatoa sauti ya mtu mwenye mafua. Halafu Saidi akavuka Ruvuma pale Kitaya kwenda kutafuta ndugu wa mke wake upande wa pili, akasema atarudi baada ya mavuno. Hakusema mavuno yapi. Mjomba akalitundika gitaa na kulifunika.

Nililifahamu hilo gitaa kwa kuliona tu, mpaka siku ile tuliposikia kwa dirishani Dada Somoe anamwambia jirani kwamba mkwe wa Mjomba, yule wa Newala mwenye kibendi cha harusi, ameliomba na amekubaliwa. Atakuja kulichukua korosho zikiisha kuuzwa, lori likienda tupu. Jirani akasema bora, linakaa bure ukutani linakusanya buibui. Hamisi alikuwa amekaa sakafuni anamenya ming'oko, vile viazi pori vya kwetu kusini, akaacha kumenya. Mjomba alikuwa amelala kitandani na uso wake ukutani. Hamisi akamwuliza kama ni kweli. Mjomba akakohoa, akasema gitaa la umeme lisilo na amplifaya yake ni sawa na mtu anayezungumza akiwa chini ya maji, unaona mdomo tu. Hamisi akauliza, tukikutengenezea amplifaya ya valvu, gitaa litabaki? Kisha Mjomba, bila kugeuka, akasema, "Mkinipa sauti yangu, mkwe atapanda lori na magunia yake." Basi tukakubaliana hivyo, mimi nikiwa shahidi na mdomo wangu umejaa ming'oko. Sikuwa na mjomba mwanamuziki, sikuwa na gitaa, sikujua kupiga hata debe, lakini tangu dakika ile ilikuwa kama ninaporwa mimi.

Redio ya valvu tuliipata Mikindani kwa Bi Zarina, mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa na viungo, ambaye alikuwa na ghala lililojaa vitu vya baba mkwe wake aliyekwisha fariki. Alitupa kwa sharti kwamba tulifagie ghala lote na tusimrudishie chochote, maana yeye pia alikuwa akitafuta njia ya kumfukuza marehemu taratibu. Redio ilikuwa kubwa kama kabati la vyombo, ina panya mmoja mkavu ndani yake ambaye nilimwombea dua fupi. Ukiondoa sehemu ya kunasa vituo, ndani ya redio ya valvu mna amplifaya tayari, valvu moja ya kuamsha sauti na nyingine ya kuisukuma, na spika yake. Kati ya valvu na valvu panakaa kapasita. Mwalimu wetu wa fizikia alitufundisha kuwa kapasita ni chombo cha kuhifadhi chaji, nami nilikuwa namwigiza, mkono mmoja kiunoni, mpaka Hamisi anaomba poo. Lakini kwa kazi yetu Hamisi aliieleza vizuri zaidi. Alisema ni mlango. Umeme uliosimama haupiti, unaopita ni ule unaotetemeka tu, na sauti ni mtetemeko. Mlango mkubwa unapitisha mitetemeko yote mpaka ile minene ya chini, mdogo unapitisha myembamba na ile minene inabaki nje. Tena kila mlango umetengenezwa kwa kitu chake, nacho kinaacha ladha. Mimi nilisema basi amplifaya ni nyumba ya wageni. Akanijibu kwamba ndiyo maana nafeli.

Kapasita zenyewe tulizibatiza majina kwa kuwa tulikuwa na njaa kila saa. Zile za zamani zilizokuja na redio, za karatasi iliyokunjwa na kutiwa nta, tuliziita mishumaa. Zile bapa za udongo, za rangi ya kahawia, tuliziita dengu. Zile za plastiki nyembamba, nyekundu iliyoiva na yenye kung'aa, tuliziita tende. Na zile ndefu za kwenye sehemu ya umeme mkubwa zilikuwa makopo, nazo hazina mzaha, kwa sababu kopo linaweka umeme hata baada ya kuchomoa waya. Nilijifunza hilo kwa kidole. Nilirushwa mpaka kwenye kitanda cha Mjomba, nikatua kifuani kwake, na yeye akaniuliza kwa upole kama nimekuja kusalimia. Tangu hapo Hamisi alikuwa haniruhusu kugusa kitu mpaka kopo limalizwe umeme wake, akilifanyia kazi hiyo polepole huku ameshika ulimi kwa meno, na mimi nikimsomea khitma ya mapema.

Tulianza na mishumaa kwa sababu ndiyo iliyokuwemo. Ikawa kosa la kwanza. Nta ilikuwa imechoka, mlango ukawa unavuja, umeme uliosimama ukapita pale usipotakiwa kupita na valvu ya pili ikaanza kuwa nyekundu tumboni kama mtu aliyekula pilipili. Sauti ikatoka, lakini ilitoka inajamba. Sina neno jingine la heshima zaidi, na Mjomba mwenyewe ndiye aliyelitumia. Tukatia dengu, ambazo zilijaa kila mahali, tulizing'oa kwenye runinga mbovu za mtaa mzima. Sasa sauti ikawa safi kiasi lakini ina makali, kila uzi unakwaruza kama mtu anasugua sufuria kwa mchanga. Mjomba alipiga kidogo na kuacha. Akasema hii ni chukuchuku, yaani chakula kilichochemshwa maji na chumvi bila nazi. Tukaweka tende ya ukubwa uleule. Makwaruzo yakapungua. Wapo watakaosema sikio haliwezi kutofautisha dengu na tende zenye ukubwa mmoja, na Hamisi, ambaye haamini mtu, alifanya ujanja wa kuzibadilisha bila kumwambia Mjomba. Mjomba alitambua. Mara nyingine akakosea, akasingizia mvua inayogonga bati. Lakini ukimwangalia usoni hukuwa na haja ya kuuliza, kwa dengu alikunja jicho moja, kwa tende alifumba yote mawili.

Hata hivyo haikuwa sauti yake. Tulikuwa karibu, na karibu ile ndiyo iliyotutesa. Siku moja, gitaa mapajani, Mjomba alitafuta maneno kwa muda mrefu, akakohoa, akatwambia: "Wapwa zangu, mimi nataka tui la kwanza."

Tulielewana papo hapo. Nani asiyejua tui la kwanza? Nyumbani kwetu mimi ndiye niliyekuwa nakuna nazi, adhabu ya kuwa mtoto asiyekaa kimya, na najua kwamba ukikamua mara ya kwanza unapata lile zito, jeupe, linaloganda kwenye vidole, halafu unaongeza maji, unakamua tena, unapata jepesi. Kwa hiyo Mjomba anataka uzito. Hamisi alikubali, akasema ndiyo, mlango mkubwa, ipite minene yote. Tukatafuta tende kubwa kuliko zote Mtwara. Tukazipanga mbili ubavu kwa ubavu, maana zikikaa hivyo zinajumlishana. Tulipowasha, uzi wa chini ulitikisa fremu ya dirisha, na Dada Somoe akauliza kutoka jikoni ni nani amepata uchungu wa kuzaa. Mimi niliona tumefika. Ilikuwa sauti kubwa, nene, inajaza chumba mpaka chini ya kitanda, unaisikia tumboni kabla ya masikio. Mjomba alipiga mstari mmoja wa solo, kisha akaushika uzi kwa kiganja ili unyamaze. Alisema nimeomba la kwanza. Hamisi akasema tumekuelewa, Mjomba. Tukaongeza ya tatu.

Wiki zile nazikumbuka kwa chakula kuliko kwa masomo. Tulikuwa tunatoka shule na njaa ya mbwa, Dada Somoe anatuwekea ugali wa muhogo na kisamvu, anasimama mlangoni na mwiko, anatuita mafundi wa moshi. Alikuwa amemaliza shule, anaendesha nyumba ile nzima na ulimi wake, na mimi nilimpenda kimyakimya kama Chuno yote ilivyompenda, ila mimi nilikuwa na bahati ya kutukanwa kwa jina. Kila jioni tulizidisha uzito na kila jioni Mjomba alizidi kuwa mpole, jambo lililotutisha. Mwanzoni alikuwa anagombana nasi. Sasa anasikiliza, anatikisa kichwa kidogo, anasema ahsanteni wanangu, analipangusa gitaa na kulirudisha ukutani. Nje magunia ya korosho yalikuwa yanapungua kwenye maghala na malori yanapungua barabarani. Nikasikia kwa dirishani Dada Somoe anaambiwa kwamba mkwe amesema Ijumaa ijayo. Hamisi pia alisikia. Aliendelea kulehemu, lakini alikuwa analehemu pale palipokwisha kulehemiwa.

Jumapili ile Dada Somoe alikuwa amepakwa hina mikono yote miwili kwa ajili ya harusi ya shoga yake, hina mbichi, hagusi kitu. Akakaa kwenye mkeka uani, mikono ameinyoosha mbele kama anazuia gari, akatuamuru tupike sisi. Muhogo wa nazi na samaki mkavu. Hamisi, aliyelelewa na dada asiyependa mwanamume jikoni mwake, hakujua hata kifumbu cha kukamulia tui kinashikwa wapi, kwa hiyo nikawa bingwa. Nilikaa juu ya mbuzi, nikakuna nazi mbili huku nikimwigiza mwalimu wa dini, nikakamua tui zito kwenye bakuli, nikaongeza maji, nikakamua jepesi kwenye bakuli la pili. Muhogo ulikuwa motoni. Mjomba alikuwa anatazama kwa dirishani, mikono chini ya kidevu. Dada Somoe akasema tia tui la kwanza. Nikachukua bakuli la zito, nikalimwaga lote chunguni.

Alinyanyuka na hina yake. Sikuwahi kumwona anakimbia. Aliniuliza kama nina akili timamu, sasa tui litakatika, litakuwa mabonge na mafuta, harusini atanuka nini. Nikamwambia umesema la kwanza. Akasema ndiyo, nimesema la kwanza. Nikamwonyesha bakuli tupu, nikasema hili ndilo la kwanza, nimelikamua mimi kwa mikono yangu.

"La kwanza kuingia chunguni, we punguani," alisema Dada Somoe. "Jepesi linaanza, linapika. Zito linakuja mwisho, moto ukishashushwa. Kwenu mnapikaje?"

Nikageuka kutafuta mtu wa kunitetea, na nikamwona Hamisi. Alikuwa ameshika mwiko hewani, anamtazama Mjomba kule dirishani. Mjomba anamtazama yeye. Katika nyumba ile, tangu kwa bibi yao, tui huhesabiwa kwa chungu. Kwetu sisi huhesabiwa kwa kifumbu. Mwezi mzima mtu yule alikuwa anaomba sauti nyepesi, ile inayotangulia, nasi tukamrundikia nzito juu ya nzito. Hamisi akamwuliza taratibu, na zito, Mjomba, zito lilikuwa la nani? Mjomba akasema kama mtu anayeulizwa jua linatokea wapi, "Zito la Saidi. Mimi nikipiga zito, yeye atapita wapi?"

Muhogo tuliula na mabonge yake, mimi nikiwa nimepewa sahani iliyo na mengi zaidi kwa makusudi. Hamisi hakula. Alikuwa ameshaingia chumbani, nikamkuta amemaliza umeme wa kopo, ameng'oa tende zote tatu, na anapekua mkebe akitafuta ndogo kabisa. Aliipata kwenye mabaki ya kinasa sauti cha mtu, tende nyekundu isiyozidi punje ya mahindi. Nilimwambia hiyo itatoa sauti ya mbu. Akailehemu, akapuliza moshi, akafunika.

Alasiri umeme ulikuwepo, na hilo peke yake lilikuwa karibu na muujiza. Valvu zikaanza kuwaka taratibu. Mjomba alikuwa amebadili shati. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akatazama spika, akagusa uzi mmoja tu. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, na haikuwa na makali. Ilikuwa na mviringo fulani, kama tone la maji kabla halijaanguka. Ilifika dirishani ikatoka nje, na jikoni wakanyamaza. Alifumba macho yote mawili. Kisha akaanza kupiga, na mimi ambaye nimezaliwa baada ya bendi ile kufa nikaelewa kwa nini watu walikuwa wakizimia kwa zamu. Hakupiga kwa haraka. Alisema kitu, akanyamaza, akasema tena. Vidole vilikuwa vimesahau mahali pamoja au pawili, akarudi akavikumbusha. Dada Somoe alikuja mlangoni na mikono yake ya hina ikiwa mbele, hakutukana mtu.

Kule kunyamaza kwake kulinisumbua. Alikuwa anafika mahali, anainua kidole, anaacha pengo, kichwa chake kimeinama kidogo kushoto, halafu anaendelea. Pengo kubwa, linaloonekana. Na mimi, nimeshasema, hakuna kimya kinachopita mbele yangu salama. Nilikuwa naweza kutoa besi kwa mdomo, ilikuwa ndiyo sifa yangu darasani, mashavu yanajaa hewa na kifua kinanguruma. Basi lilipokuja pengo jingine nikaliingia. Dum, dudu-dum. Lilikaa vizuri kabisa, hata Hamisi akatabasamu. Nilitegemea Mjomba acheke. Aliacha kupiga. Hakukasirika, aliweka tu kiganja juu ya nyuzi na kuninong'oneza kama msikitini.

"Usipajaze, mwanangu. Hapo ni pa Saidi."

Akaanza upya kutoka mwanzo, na mapengo yake yote, na sisi tukakaa ndani ya kila pengo tumefunga midomo. Nimekaa kwenye mahubiri, nimekaa kwenye mitihani, nimekaa hata mbele ya ofisi ya mkuu wa shule nikisubiri fimbo, lakini sijawahi kukaa kwenye kimya chenye mtu ndani yake kama kile. Ulikuwa unasikia kabisa mahali ambapo besi ingeingia, urefu wake na unene wake, na hakuna. Kwa sauti yetu nene ya wiki zilizopita hatukuwahi kupasikia. Ile ilikuwa imejaza kila tundu. Tulikuwa tumemtengenezea Mjomba sauti yake sawasawa na ndani yake tumemfungulia shimo.

Alipomaliza alilifuta gitaa kwa kanga, uzi kwa uzi. Alituambia ndiyo yenyewe, kumbe hakuwa akiota, ilikuwa hivihivi. Hamisi alikuwa anacheka peke yake kwa furaha, akasema basi mkwe atapanda lori na magunia yake. Mjomba hakulirudisha gitaa ukutani. Alilikunja ndani ya ile kanga, akafunga fundo kwa juu na fundo kwa chini, akalilaza kitandani pembeni yake.

"Nwacheni aje alichukue," alisema. "Newala wana ntu wa besi."

Hamisi alibisha. Nilimsikia akibisha siku ile na kesho yake, alisema tulikubaliana, alisema shahidi yupo, mimi hapa. Alisema Saidi atarudi. Mjomba akamjibu kwamba na yeye alikuwa akisema hivyo, ndiyo maana alilitundika, ili rafiki yake akirudi alikute. Lakini sasa amelisikia, na hawezi kuliacha liite namna ile kila siku bila kuitikiwa. Nilitafuta kichekesho, nikakuta mfuko umetoboka.

Ijumaa mkwe akaja, mtu mnene mwenye haraka na kofia nzuri, lori linamsubiri barabarani na dereva anapiga honi. Hamisi alitoka ndani akiwa ameikumbatia amplifaya, bila kumwambia mtu, akasema gitaa haliendi bila hii. Mkwe alifurahi mno, akaigeuza kuitazama chini, pale ambapo hatukuwa na ubao wa kuifunika, waya zote nje. Hamisi akamwonyesha kopo, akamweleza namna ya kulimaliza umeme ili lisimuue. Akamwambia hizi badilisha ukitaka, na hii, na hii. Kisha akaweka kidole kwenye ile tende ndogo nyekundu, akasema hii usiiguse, hata fundi akikwambia anayo kubwa zaidi. Mkwe akauliza, kwani yenyewe inafanya nini? Hamisi alinitazama, kwa sababu maneno ndiyo ilikuwa kazi yangu. Mimi nikatazama chini.

"Inaacha nafasi," alisema Hamisi.

Mkwe akaitikia kwa kichwa kama watu wanavyoitikia wakiwa na safari. Wakaipakia nyuma ya lori kati ya magunia matupu, gitaa likalazwa juu yake ndani ya kanga. Mjomba hakutoka nje. Lori lilipoondoka, spika ilikuwa imeelekezwa nyuma, kwetu, na mimi na Nchumari tulisimama katikati ya barabara tukiitazama hadi vumbi lilipotulia, kisha tukaendelea kusimama.